Nyaraka za kanisa la Yakusu: tuanzie wapi?

DadaTshopo:
Bwana asifiwe, wapendwa. Tunaandika historia ya kanisa la Kibaptisti la Yakusu, karibu na Kisangani, lililotokana na misheni ya BMS (Baptist Missionary Society) ya Uingereza. Tuna madaftari mawili ya ubatizo, moja limelowa, pamoja na kumbukumbu za vikao vya mashemasi zilizotobolewa na mchwa. Je, kuna maandishi zaidi kwingine? Na miaka ya kuzaliwa ya wazee wetu tuichukue katika madaftari ya ubatizo?

KaraniMstaafu:
Dada, nyaraka za BMS zimehifadhiwa Angus Library, Regent's Park College, Oxford. Ukiwaandikia, usitaje Yakusu peke yake. Taja wamisionari, kwa maana barua nyingi zimepangwa kwa majina yao: Walter Stapleton, William Millman, na daktari Clement Chesterman aliyefika 1920. Kwa miaka ya kabla ya 1966 tafuta pia "Stanleyville", jina la zamani la Kisangani.

Gazeti lao, The Missionary Herald, lina mengi, ila lilichapishwa kwa ajili ya wachangiaji wa Uingereza. Utasoma kwamba kadhaa wamebatizwa. Mwalimu wa kijijini aliyewafundisha mara nyingi hatajwi. Jina lake litafute katika madaftari yenu. Ndiyo maana hayo mawili yana thamani kuliko lolote mtakaloletewa kutoka Oxford.

Shemasi_K:
Miaka ya kuzaliwa msiitoe humo. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Mtu huzamishwa majini baada ya kukiri imani mwenyewe. Aliyebatizwa 1931 huenda alikuwa na miaka 15 au 50.

Angalieni na majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo Petelo wa 1970 anaweza kutokea mbele kwa jina jingine kabisa. Linganisheni kijiji, mwenzi wa ndoa na tarehe ya ubatizo kabla ya kuhesabu watu wawili. Aliyetengwa na kanisa kisha akarudishwa naye huandikwa mara mbili.

Maandishi yakikatika 1964, kumbukeni waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville Agosti mwaka huo. Pengo liandikwe kuwa pengo.

MtunzaKaratasi:
Dada, lililolowa lishughulikie leo. Usilianike juani, karatasi itajikunja na wino utapauka. Lisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo. Likiwa limelowa chapachapa halitasimama: lilaze, pachika karatasi nyeupe tupu kila baada ya kurasa 10 hivi, uzibadilishe zikishanyonya maji. Gazeti usitumie, wino wake utahamia kwenye majina. Ukungu uache ukauke kabisa, ndipo uupanguse nje kwa brashi laini, umevaa barakoa. Ukiufuta ungali mbichi unazidi kupenya. Selotepu na laminesheni, hapana kabisa. Gundi hugeuka njano na haitoki tena bila kuchana karatasi.

Za mchwa zipigeni picha kabla ya kuzifunuafunua. Simu iwe sambamba na ukurasa, mwanga wa dirishani, bila flashi, kuanzia jalada hadi mwisho, hata kurasa tupu. Chini ya kila ukurasa wenye matundu weka karatasi nyeupe. Usipoiweka, herufi za ukurasa wa chini huchungulia tunduni, na msomaji ataziunga kwenye jina la juu yake.

Baadaye yawekeni kwenye rafu ya chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni, isiguse ukuta.