"Najua unakolala": ni kumtisha afande, au ni hasira tu?

Mja wa Kibokoni
Jana Mwembe Tayari, dereva wa tuktuk alisimamishwa, ufunguo ukachomolewa. Akamwambia afande polepole: "Najua unakolala. Tutaonana." Pingu papo hapo. Hakusema nitakupiga wala nitakuua. Hilo ni kosa la jinai kweli?

Karani wa Korti
Ni kosa. Kifungu cha 238 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakisubiri utamke "kupiga". Kinatazama kama ulikusudia kumtia mtu hofu kwa kutishia kumdhuru, yeye au mtu wake, mwili, sifa au mali. Kifungo hadi miaka 3. Ukitishia kuua ni 223, hadi miaka 10, na chenyewe kinataja hata tishio lililofika kwa kuzunguka. "Najua unakolala" maana yake nini? Kwani alikuwa anampelekea haluwa?

Mtu wa Likoni
Haluwa unaitaja wewe ambaye hujaelekezewa bunduki. Mimi niliambiwa na askari "nitakupeleka usikojulikana", mtoto yuko mgongoni. Nikaenda kushtaki, naulizwa namba yake ya kifuani. Nani husoma namba saa hiyo? Na hicho kifungu si kilifutwa na Mahakama Kuu?

Karani wa Korti
Kilichofutwa 2017 ni cha 132, cha kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma. 238 kipo, na kinamshika "mtu yeyote", askari pia. IPOA, mamlaka huru inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, iko tangu 2011, peleka lako. Lakini kosa la askari wako halimsafishi dereva.

Mama Kongowea
Mume wangu alikuwa askari. Asubuhi moja tulikuta kikaratasi mlangoni: "Wasalimie watoto." Basi, maneno mawili. Wiki nzima watoto hawakwenda madrasa, na mimi nalala kitini nimeegemea mlango. Msinambie ni maneno tu.

Tuktuk ya Bamburi
Pole sana mama. Ila aliyeandika hicho alikaa akafikiria. Mwenzetu kanyang'anywa riziki, abiria nyuma wanamfokea. Hata mimi ningemwambia afande nitamsomea halbadiri. Nami nifungwe?

Ustadh Majengo
Halbadiri si tishio. Ni dua ya aliyedhulumiwa. Anayeiogopa ajiulize amekula haki ya nani.

Karani wa Korti
Ukimwambia mtu usoni utamsomea ili aingiwe na hofu, hilo ni tishio, Ustadh. Hata Sheria ya Uchawi ya 1925 bado ipo.

Ustadh Majengo
Uchawi? Watu wa vita vya Badr wanaotajwa kwenye halbadiri unawaweka na waganga wa hirizi? Futa neno lako na uombe radhi.

Mtu wa Likoni
Aombe radhi kwanza, ndipo arudi kwenye vifungu vyake.

Karani wa Korti
Uchawi nimeufuta, samahani Ustadh. Nilichosema kuhusu hofu sikifuti. Mama hapo juu hakuguswa hata ukucha, na hakulala.

Ustadh Majengo
Samahani nimeipokea. Lakini usichanganye tena. Aliyeandika kikaratasi alitaka watoto wa watu waogope. Anayesoma halbadiri anamshtakia Mungu.

Mama Kongowea
Na yule dereva alitaka nini, Ustadh? Afande naye si ana mke na watoto huko anakolala?

Mja wa Kibokoni
Dereva katoka kwa dhamana leo adhuhuri. Tuktuk bado iko kituoni, na ufunguo kila anayeulizwa anasema hajauona.