Wedding au Neukölln kwa familia yenye mtoto, ilhali Anmeldung (kujiandikisha makazi) imekwama

Mgeni wa Berlin aliandika:
Ndugu zangu, habari za majukumu. Asubuhi ya leo nimerudishwa kutoka ofisi moja ya wilaya kwa sababu nilikuwa na mkataba wa kupanga lakini sikuwa na Wohnungsgeberbestätigung, yaani karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba naishi kwake, na mwenye chumba ninachoishi huko Neukölln amekataa katakata kuitia saini. Siku 14 za kujiandikisha zinaelekea ukingoni. Nimeonyeshwa chumba kingine mtaa wa Wedding, barabara ya Petersallee, ambacho mwenyewe yuko tayari kuandika karatasi hiyo, ila kodi yake iko juu, na mke wangu, anayejiandaa kuja na mtoto wetu wa miaka mitano, anapendelea Neukölln kwa kuwa dada yake anaishi huko. Kwa familia yenye mtoto, mtaa upi unafaa, na je, ofisi za upande wa Wedding zina wepesi zaidi?

Mama Wawili aliandika:
Pole, ndugu yangu. La ofisi lisikusumbue, maana Bürgeramt (ofisi ya huduma kwa wakaazi) yoyote ya Berlin humwandikisha mkaazi wa wilaya yoyote, kwa hiyo usihame kwa ajili ya kaunta. Mkataba, hata uwe na mihuri mingapi, hauchukui nafasi ya karatasi ile. Sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuitoa, na akikataa ni wajibu wako kuiarifu ofisi mara moja. Iarifu kwa maandishi na utunze nakala. Jihadhari pia na wauza anwani, kwa sababu faini ya kumwandikia mtu anwani asiyoishi inaweza kufika euro 50,000.

Mzee wa Rehberge aliandika:
Kabla hamjaendelea, Petersallee haipo. Tangu Agosti 2024 barabara hiyo ina majina mawili, Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee, na anayetangaza chumba kwa jina la zamani ama ni mzembe ama ana lake jambo, hivyo kaione nyumba kwa macho yako kabla ya kutoa hata senti moja ya Kaution (amana ya nyumba). Sisi tuliosimuliwa na mababu zetu vita vya 1905 hadi 1907 hatulipiti jina la Maji-Maji kama tunavyoyapita mengine. Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu, alikuwa na barabara nzima, na waliochomewa mashamba wakafa kwa njaa hawakuwa na hata kichochoro.

Binti wa Hermannplatz aliandika:
Shikamoo, Mzee. Kwa heshima zote, historia haikuishia Wedding: huku kwetu Wissmannstraße iligeuzwa mwaka 2021 kuwa Lucy-Lameck-Straße, na Wissmann, kamanda wa Kijerumani, ndiye aliyeyazima mapambano ya pwani, Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Hata hivyo, jina la barabara halipunguzi kodi. Isitoshe, mnaposema Neukölln mnakusudia ipi? Wilaya inaanzia huku Hermannplatz, ambako watu hawalali, inapita kwenye maghorofa ya Gropiusstadt, hadi Rudow yenye nyumba za bustani, na zote hizo ziko kwenye njia ya treni ya U7. Huyo shemeji anaishi kituo gani?

Mzee wa Rehberge aliandika:
Marahaba, binti. Sikusema kwamba historia iliishia Wedding. Nilisema kwamba Petersallee haipo.

Mama Wawili aliandika:
Tumrudie mtoto, tafadhali. Anayetimiza miaka sita kufikia tarehe 30 Septemba huanza shule mwaka huohuo, na anwani ndiyo inayompangia shule kupitia Einschulungsbereich, yaani eneo la kila shule, kiasi kwamba ukivuka barabara moja tu unaweza kujikuta kwenye shule nyingine. Shule ya msingi hapa Berlin huenda hadi darasa la sita, wala haiishii la nne kama katika majimbo mengi, kwa hiyo mimi ningeitazama shule kwanza na mtaa baadaye. Na popote mtakapohamia, andikeni jina kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo, kwani majengo yetu mengi hayana namba za milango na tarishi hufuata majina tu. Barua ya Steuer-ID (namba ya kodi ya mapato) ya kijana mmoja wa jengo letu ilirudishwa ilikotoka, kwa kuwa kwenye sanduku lake palikuwa bado na kipande cha plasta chenye jina la mpangaji aliyehama.

Fundi wa Spandau aliandika:
Nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza la msingi. Ndugu yetu anapima chumba cha Wedding na chumba cha Neukölln, na huku anamleta mke na mtoto. Kwa Familiennachzug, yaani kuileta familia, huhesabiwa mita za mraba 12 kwa kila aliyezidi miaka sita na 10 kwa aliye chini ya hapo. Mwenye Blaue Karte, kibali cha wafanyakazi wenye ujuzi wa juu, hadaiwi kipimo hicho; mwanafunzi anadaiwa. Kibali chako ni cha aina gani?

Mgeni wa Berlin aliandika:
Ni cha mwanafunzi. Chumba cha Wedding kina mita 16.