Kioo cha mbele cha Beetle ya 1967 kinavuja baada ya kufunga raba mpya, naombeni ushauri

Kobe67:
Wakuu, habari za humu. Nina Volkswagen Beetle ya 1967, naifufua mwenyewe taratibu. Nilitoa kioo cha mbele ili nipake rangi, nikanunua raba mpya. Mara ya kwanza kioo kiligoma pembe ya chini, nikakipiga kwa kiganja, nikasikia "ta!" na ufa ukatambaa hadi katikati. Iliniuma sana. Cha pili kimeingia vizuri kwa kamba, lakini mvua ikinyesha maji yanachuruzika upande wa kushoto chini, nyuma ya dashibodi, mpaka kwenye zulia. Nizungushie silikoni, au nitoe kioo nianze upya?

Mpendagari:
Pole sana mkuu. Zungushia silikoni kwa nje, usijitese. Yangu nilifanya hivyo na ilitulia.

FundiBodi:
Mpendagari, kwa heshima, hapo nakupinga. Silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inachokoza kutu. Ukija kupaka rangi tena, mahali ilipogusa rangi haishiki. Baya zaidi, ukiziba nje na njia ya maji ipo kwingine, maji yanalala chini ya raba yakila bati huku wewe unaona pakavu.

Kobe67, usitoe kioo bado. Kwanza tafuta maji yanapoingilia. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, maji yatoke kidogo tu bila presha. Anza chini kabisa, kwenye mihimili ya waipa. Raba zake ndogo zikichoka, maji huingia hapo na kila mtu analaumu kioo. Pakiwa pakavu, panda kwenye ukingo wa chini wa kioo, kisha pembeni, juu mwishoni. Ukianza juu maji yanafunika kila kitu na hujui lolote. Usiende haraka, kila sehemu ipe dakika kadhaa, maana maji huweza kuingilia juu, yakafuata mfereji wa raba na kutokea chini.

Kobe67:
Asante sana fundi. Waipa ziko sawa, nimejaribu sasa hivi. Maji yanaingia pembe ya chini kushoto, kati ya raba na bodi.

FundiBodi:
Basi toa kioo. Sukuma raba kwa ndani kuanzia pembe za juu, mwenzako akiwa nje amekipokea. Halafu pitisha kidole kwenye ukingo wa bati, taratibu usijikate. Unatafuta vipele chini ya rangi, au mahali palipokunjika. Piga msasa mpaka bati ling'ae, paka praima (rangi ya kwanza ya kushika bati), paka rangi, iache ikauke sawasawa.

Wakati wa kurudisha, vika raba kwenye kioo mezani, juu ya blanketi. Lowesha mfereji wa nje kwa maji ya sabuni, laza kamba ndani yake, ncha zake zipishane chini katikati. Raba ikiwa ngumu, ianike juani kwanza. Kiwekeni kioo mahali pake, wa ndani avute kamba taratibu ili mdomo wa raba uvuke ukingo wa bati, na wa nje akandamize kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, pale pale kamba inapovutwa. Asipige! Kioo chenye plastiki katikati kinavumilia kukandamizwa kwa upana, ila pigo la sehemu moja pembeni ndilo lililokupasulia kile cha kwanza.

BintiGereji:
Naongezea: kama gari lako lina ule mkanda wa kung'aa, wa urembo unaozunguka kioo, uingize kwenye raba kabla kioo hakijapanda kwenye gari. Kwenye Beetle, ukisubiri mpaka mwisho utaanza upya. Ukitaka kinga ya ziada, weka mastiki (dawa laini ya kuziba) isiyokauka kwenye mfereji wa raba unaokaa kwenye bati. Siku ukitaka kutoa kioo tena, kitatoka bila vita.

Kobe67:
Mrejesho, wakuu. Nimekitoa leo. Pembe ya kushoto kulikuwa na kipele kama punje ya mtama chini ya rangi yangu mpya. Nilipokikwangua kwa ncha ya kisu, bati likatoboka na mwanga ukapita. Kutu niliifunika mwenyewe kwa haraka ya kupaka rangi. BintiGereji, mkanda ninao, asante kwa kuniwahi. Nikishachomelea tundu hili, nipake praima upande wa ndani pia, au nje panatosha?

FundiBodi:
Pande zote mbili ndugu yangu, na usisahau kingo za kiraka.