Kikundi cha ukoo: hitma ya Baba Mkubwa

Ami Wete: Assalaam alaykum nyote. Hitma ya kaka ni Ijumaa hii baada ya Laasiri, In shaa Allah. Baada ya hapo watu watakula kwa dada, Tibirinzi. Imamu kaniambia mtu mmoja wa familia aseme maneno mafupi. Nimeanza kuandika: alizaliwa Chake Chake, Pemba, akasomea Kigiriki na Kilatini, akafundisha chuo kikuu ng'ambo, akastaafu akarudi. Nani ana miaka ya zile shahada zake?

Dada Maskati: Wa alaykum salaam Ami. Shahada tena? Watu watasinzia kabla hujamfikisha Uingereza.

Shangazi: Shahada zimo kwenye sanduku. Panya washakula nusu.

Ami Wete: Mnacheka lakini yule alikuwa profesa.

Shangazi: Huko nje alikuwa profesa. Humu ndani alikuwa mtu aliyenitoa kwenye sebule yangu akaweka dema. Dema zima, mtego wa fito wa kuvulia samaki, halipiti mlangoni mpaka fundi akang'oa fremu. Wageni wakija wanakaa kwenye mkeka, dema limekaa kwenye nafasi ya kochi.

Dada Maskati: Subhanallah, dema la nini? Mimi nilikuwa nishaondoka.

Mimi: Dada, hiyo ni habari ya kile kitabu chake, Periplus. Kiliandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa baharini kutoka Misri, karne ya kwanza baada ya Nabii Issa, jina lake halijulikani. Anaeleza bandari moja baada ya moja: unashuka Bahari ya Shamu, unapita Pembe ya Afrika, unakuja huku kwetu mpaka Rhapta, soko lake la mwisho pwani hii. Kabla ya Rhapta anataja kisiwa anakiita Menouthias. Anasema kiko kama stadia 300 kutoka bara, kina miti, mito na ndege wa kila namna, na watu wake wanavua kasa kwa vikapu vya kusuka. Baba Mkubwa alisoma hapo "vikapu", akenda kununua dema.

Kaka Unguja: Na kisiwa chenyewe ni Unguja, tumalize mjadala.

Ami Wete: Ni Pemba.

Kaka Unguja: Ami, kitabu kinasema kisiwa ni cha chini chini. Pemba ni vilima vitupu, gari inapanda na kushuka kutoka Mkoani mpaka Konde.

Ami Wete: Na stadia 300 je? Stadia moja ni kama mita 185. Piga hesabu, inakuja kama kilomita 55. Kutoka bara mpaka Unguja hazifiki. Pemba inakubali.

Mimi: Wengine wanasema Mafia pia.

Ami Wete: Mafia hawamo kwenye kikundi hiki.

Dada Maskati: 😂😂 Yeye mwenyewe alisemaje?

Mimi: Akiwa Chake anasema Pemba, akivuka na boti anasema Unguja. Nilimuuliza mara moja tukiwa peke yetu, akaniambia kila upande una sentensi moja inayomkataa, na yeye hana haki ya kuifuta sentensi hata moja ili apate raha.

Shangazi: Na wale mamba mbona hamuwataji? Kitabu kikasema kisiwa hicho hakina mnyama wa kutisha ila mamba, tena hao mamba hawamdhuru mtu. Kaka akashikilia kuwa yule mwandishi aliona kenge akadhani mamba. Akatangaza mtaani, mtoto atakayeleta kenge atapata soda. Wakaniletea mijusi kwenye kopo la rangi. Nani aliyewatoa chini ya kitanda? Mimi.

Kaka Unguja: Na stadia kwenye gari! Nilipanda naye Chake kwenda Wete, anamwambia utingo, "Mwanangu, nishushe baada ya stadia mia moja na sitini." Utingo akamjibu, "Mzee, kituo hicho kimeondolewa." Akacheka mpaka abiria wote wakacheka. Baada ya hapo yule utingo akawa akimwona anapiga kelele, "Stadia, stadia, twende!"

Ami Wete: Haya ndiyo nisemayo. Mtu kafundisha wazungu lugha ya mababu zao, nyinyi mnataka Ijumaa tuwasimulie watu mijusi na utingo.

Dada Maskati: Ami, watoto wa mtaa mzima walimlilia. Hawakumlilia kwa sababu ya Kilatini.

Kaka Unguja: Mimi kilichoniua ni posa yangu. Wakwe zangu mnawajua, asili yao Yemen, wazito, hawacheki. Baba Mkubwa ndiye msemaji wetu. Wenzake husema "tumekuja kuomba jiko", yeye katoa karatasi akaanza kusoma Kigiriki! Nikatamani ardhi inimeze. Kisha akafasiri: kwamba watu wa Muza, bandari ya Yemen karibu na Mokha, wanaleta meli zao pwani hii na manahodha Waarabu, na manahodha hao wameshazoeana na wenyeji, wanaoana nao, na lugha wanaijua. Akakunja karatasi, akamtazama mkwe wangu: "Sheikh, mambo haya tuliyaanza miaka elfu mbili iliyopita. Leo tumekuja kuendeleza tu." Mzee yule kacheka mpaka kofia ikaanguka. Mahari yenyewe akapunguza.

Shangazi: Hiyo hata mimi naipenda.

Shangazi: Lakini miungu ya Wagiriki wake siipendi. Nilimwambia mara ngapi, kaka, umri umekwenda, hao kina Zeus wa nini nyumbani kwa Muislamu? Ananijibu, "Dada, kitabu cha tiba cha baba kimemtaja Jalinusi ukurasa wa kwanza, na Jalinusi alikuwa tabibu wa Kigiriki. Nani aliyemtia kwenye Kiarabu kule Baghdad? Hunayn bin Is-haq na wenzake, karne ya tisa. Wangeogopa Zeus, baba angekosa dawa ya tumbo." Sina la kumjibu, nikarudi jikoni.

Ami Wete: Hilo la Jalinusi naliandika.

Nahodha Wesha: Assalaam alaykum. Samahanini, mimi si wa ukoo, mmenitia humu siku ya msiba na hamkunitoa. Naomba niseme.

Shangazi: Wewe ni wa humu, sema.

Nahodha Wesha: Kuhusu dema, halikuishia sebuleni. Siku moja alikuja Wesha magharibi inaingia, kanzu kaikunjia kiunoni, mkononi karatasi. Akatuambia, "Kuna mtu aliwaandika nyinyi zamani sana. Nataka mniambie kama kasema kweli." Sisi tukadhani ni watu wa leseni, wawili wakaanza kuondoka. Akakaa mchangani. Anasoma kipande kwa Kigiriki, anakitoa kwa Kiswahili, kisha ananyamaza anangoja.

Kwanza mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja. Hapo hapakuwa na neno. Mzee wetu mmoja akasema babu yake aliziona mitepe, zimeshonwa kwa kamba ya makumbi, tanga la mkeka. Kisha akasoma kwamba kasa wanavuliwa kwa vikapu, wanavitega penye midomo ya mikondo, mawimbi yanapovunjika. Hapo ndipo palipozuka ugomvi. Mmoja anasema hilo ni dema. Mwengine anasema dema mdomo wake mdogo, kasa gani ataingia? Huo ni uzio. Wa tatu anasema uzio ukiutia kwenye mawimbi unazolewa asubuhi, uzio ni wa maji ya ndani. Mwengine akaleta habari ya chazo, yule samaki anayejibandika, kwamba wazee walikuwa wakimfunga ugwe mkiani wakimwachia amshike kasa, sasa vikapu vya nini? Aliposema hivyo akageuka nyuma kuangalia, maana kasa siku hizi ni marufuku. Tuligombana mpaka Isha. Yeye anaandika tu, hamkati mtu.

Mwisho akauliza, "Basi mwandishi huyu aliona kwa macho yake, au aliambiwa?" Yule mzee wetu akamjibu, "Aliambiwa. Aliyeona angesema maji yanajaa au yanapwa. Mtego hautegwi bila ya maji."

Profesa akasimama akampa mkono, akaushika mkono wa mzee kwa muda. Hakusema kitu. Kesho yake ndipo akenda kununua dema, akanunua kwangu. Bei aliyonipa sikuitaja mimi, kaitaja yeye.

Shangazi: Kumbe ni wewe uliyemuuzia!

Nahodha Wesha: Unisamehe Bi Mkubwa.

Mimi: Nahodha, hilo la maji lilimtia wazimu. Alinionesha kwenye kitabu. Mbele huko, mwandishi anapofika Barygaza, Bharuch ya leo, Gujarat, anaeleza bamvua kwa kirefu: mwezi mwandamo unavyoyatia nguvu maji, yanavyokuja kwa mngurumo kama jeshi, vyombo vinavyopinduka. Baba Mkubwa akasema, pale unamsikia mtu aliyeogopa kwa roho yake. Hapa kwetu kwenye mtego hata neno moja la maji hakuna. Mzee wa Wesha hajapata kukishika kitabu hicho, na kagusa palepale. Nakala yake ninayo mimi, pembeni ya ukurasa kaandika kwa penseli: "Wazee wa Wesha: hakuona."

Dada Maskati: Allahu akbar. Na kitabu cha asili kiko wapi?

Mimi: Nakala kuu ya mkono, ya karne ya kumi, iko Heidelberg, Ujerumani. Maktaba imeweka picha zake kwenye mtandao. Alikuwa akinipa simu yake nimfungulie, anaikuza picha mpaka inakuwa madoa matupu, kisha anauliza, "Unaona? Sisi hapo."

Kaka Unguja: Siku ile sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho Mji Mkongwe, ilipoporomoka, Disemba 2020, alinipigia simu. Hakuuliza mnara wala saa. Aliuliza ule mfano wa mtepe uliokuwa ndani.

Ami Wete: Haya. Mmenishinda. Shahada natia sentensi moja, hiyo msinikatalie. Nani atasema Ijumaa?

Dada Maskati: Nahodha.

Kaka Unguja: Nahodha.

Nahodha Wesha: Mimi siwezi kusema mbele ya masheikh.

Ami Wete: Utasema nyumbani baada ya chakula. Msikitini ni hitma na dua tu. Na habari ya chazo uiache, Imamu ana ndugu idara ya uvuvi.

Nahodha Wesha: Basi sawa. Nitakuja na yule mzee, akiweza kutembea.

Mimi: Mumpeleke na gari, mimi nitalipia. Na dema je? Nilifikiri tulipeleke makumbusho ya Chake, pale ngomeni.

Ami Wete: Wazo zuri. Waandike na jina lake.

Shangazi: Hakuna makumbusho. Kuku anatagia mle ndani tangu mwezi uliopita.

Nahodha Wesha: Bi Mkubwa, fito zake bado nzima? Nililisuka kwa mkono wangu, hilo ni la kazi. Likikaa juu kavu litakatika tu.

Shangazi: Fito nzima, ila upande wa chini pameanza kulegea.

Nahodha Wesha: Hapo nitaparudia mimi.

Shangazi: Basi Ijumaa mkija mlichukue mwende nalo Wesha, mlitie majini. Mlango ushang'olewa fremu mara moja, safari hii mtajua wenyewe mtalitoaje, na yai msilivunje. Samaki wa mwanzo aje kwangu. Na wewe Maskati, tuma hela ya mchele leo, si hivyo vikatuni vya kulia. Watu watakuwa wengi.

Dada Maskati: Natuma sasa hivi Shangazi. Gunia ngapi?

Shangazi: Mawili. Watoto wa mijusi nao watakuja.