Naomba ushauri: naandika filamu ya televisheni kuhusu mchepuko hatari, prodyuza anataka mwanamke awe kichaa

KalamuYaTemeke (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Wenye ndoa zao, wanasheria na mnaofuatilia filamu kwa umakini, naomba mawazo yenu.

Nimepewa kazi ya kuandika filamu ya televisheni ya dakika 90 kuhusu uhusiano wa nje ya ndoa unaogeuka kuwa hatari. Kwa kifupi iko hivi. Deo ni afisa mikopo, ana mke anaitwa Rehema na watoto wawili, wanaishi Tabata. Anaanza uhusiano na Salome, mwenye saluni Kinondoni. Salome hajui kama Deo ana mke, kwa sababu Deo amemwambia mkewe alifariki wakati wa kujifungua. Salome ni mtu wa imani, anamhurumia, anampikia, amefika hadi kutoa nia ya misa kumwombea huyo marehemu. Baadaye anakuja kujua kwamba marehemu yupo hai, anauza vitambaa Kariakoo.

Rasimu ya kwanza prodyuza kaisoma, karudi na agizo: Salome awe kichaa. Akishajua ukweli amfuate Rehema na kisu, amteke mtoto, mwisho agongwe na lori. Deo alie kidogo, akumbatiane na mkewe, filamu iishe. Anasema watazamaji wanataka mchepuko aadhibiwe.

Roho yangu inakataa. Aliyedanganya ni Deo. Aliyemfanya mke wake marehemu angali hai ni Deo. Halafu yeye abaki na nyumba, mke na watoto, na mwanamke aliyedanganywa ndiye aingie chini ya lori? Wakati huohuo sitaki filamu ipoe. Nataka mtu aliyekaa sebuleni asiinuke hata simu yake ikiita.

Kwa hiyo naomba kujua: mke wa mjini huku angegundua vipi kweli? Sheria inasemaje kuhusu hawa wanawake wawili? Na je, hatari ikitoka kwa Deo mwenyewe, watu wataamini?

MzawaWaIlala

Mkuu, mimi nitakuwa upande wa prodyuza. Dada yangu kavunjiwa nyumba, nimemuona alivyokonda. Mtu kama yeye akiwasha televisheni saa tatu usiku anataka aone aliyemuumiza akilipa. Ukimfanya mchepuko malaika, wake wote wa mji huu watabadilisha chaneli. Mpe Salome kosa lake hata dogo. Asiwe msafi kupita kiasi.

MamaKauthar

Mwanangu Kalamu, nakujibu kama mke wa miaka mingi, niko Tanga. Achana na mambo ya rangi ya mdomo kwenye kola ya shati, hayo ya zamani. Siku hizi mke anajulia kwenye simu, na wala siyo kwenye meseji za mapenzi, maana hizo mwanaume anafuta. Asichokifuta ni ujumbe wa muamala. Anauacha kwa sababu anataka kuona salio. Pale utaona ametuma elfu hamsini, kila wiki, kwa namba ileile.

Sasa kama namba haina jina kwenye simu yake, mwanamke mwenye akili hapigi. Akipiga atamshtua. Anachofanya ni kuchukua simu yake mwenyewe, anajifanya anatuma pesa kwenye ile namba, shilingi elfu moja tu. Jina kamili linamtokea kwenye skrini. Akishalisoma anaghairi. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole siku hizi, kwa hiyo hilo jina mara nyingi ni la mtu wa kweli. Weka hiyo mwanangu, kila mwanamke atakayeiangalia atashika kifua.

WakiliWaKata

Kuhusu sheria, nazungumzia Tanzania Bara. Ugoni kwetu si kosa la jinai, ni shauri la madai. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Lakini kifungu hichohicho kina utetezi ambao ni dhahabu kwa hadithi yako: shauri litatupwa iwapo mdaiwa ataithibitishia mahakama kwamba hakujua, na hata kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kuwa mtu yule ameoa au ameolewa. Yaani kesi nzima ya Rehema dhidi ya Salome inasimama kwenye swali moja: Salome alijua lini? Na ile nia ya misa, yenye tarehe na jina la marehemu, ndiyo kinga yake. Usiifute kwenye rasimu hata prodyuza akisema inachelewesha mambo.

Rehema akitaka talaka haendi mahakamani moja kwa moja, anaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ugoni ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa ukiwa umeendelea baada ya mwenzi kuupinga.

Na ukitaka Deo awe hatari, tumia kazi yake. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Deo ni afisa mikopo, anajua njia zote. Kachukua mkopo kwa nyumba ya Tabata, kaghushi saini ya Rehema, na nakala ya fomu kaisahau kwa Salome. Tangu hapo anayetakiwa kunyamazishwa ni Salome, na siyo kwa sababu ya mapenzi.

MzawaWaIlala

Hapo kwa saini nimekaa sawa. Endelea mkuu.

MkristuWaParokia

Jamani, hakuna aliyeona? Nia za misa husomwa kwa sauti. Kwetu kabla ya misa ya asubuhi msomaji anazitaja moja moja: fulani anamshukuru Mungu kwa kupona, fulani anamwombea marehemu fulani. Salome ameandikisha jina kamili la Rehema alilopewa na Deo. Sasa mchukue shangazi yake Rehema, au mama anayeuza naye vitambaa, mweke kwenye benchi la tatu. Anasikia "marehemu Rehema" na jina la baba yake na la ukoo. Na jana yake tu wamegawana nauli ya daladala.

Huyo mama hatangoja baraka ya mwisho. Atatoka nje kupiga simu.

KalamuYaTemeke

@MkristuWaParokia nimesimama kwenye kiti. Mungu akubariki sana. Nilikuwa nimeiweka misa ile kuonyesha wema wa Salome tu, sikuona kwamba ndiyo mlango wenyewe.

MswahiliWestchester

Salaam kutoka New York. Nakuunga mkono kwa moyo wote kuhusu lori, na nikupe mifano miwili ya huku ambayo prodyuza wako pengine anaiiga bila kuijua vizuri.

Wa kwanza ni Fatal Attraction, ile filamu ya sinema ya 1987 ya Glenn Close na Michael Douglas, ambayo filamu nyingi za televisheni za aina hii zimeifuata. Mwisho wake wa awali haukuwa ule wa mke kumpiga risasi mchepuko bafuni. Mwanamke alijiua kwa kisu chenye alama za vidole za mwanaume, na polisi wakaja kumkamata mwanaume. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, studio ikaagiza mwisho upigwe upya. Glenn Close aliupinga sana, kwa sababu aliongea na wataalamu wa akili alipokuwa akijiandaa, na alimuona yule mwanamke kama mtu mgonjwa, siyo jini. Kwa hiyo agizo ulilopewa wewe ni la zamani, na hata mwigizaji mkuu wa filamu ile alilikataa.

Wa pili ni kesi ya kweli, ya hapa Westchester. Januari 1989 Betty Jeanne Solomon alikutwa ameuawa kwa risasi tisa nyumbani kwake Greenburgh. Mume wake, mwalimu, alikuwa na uhusiano na mwalimu mwenzake, Carolyn Warmus, na usiku uleule alikuwa naye hotelini Yonkers. Kesi ya kwanza mwaka 1991 wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Ya pili, Mei 1992, Warmus akatiwa hatiani, kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Aliachiwa kwa masharti mwaka 2019, na amekuwa akisisitiza kwamba hana hatia. Mwaka uleule wa hukumu, ABC na CBS kila moja ilirusha filamu yake ya televisheni kuhusu kesi hiyo.

Ninachotaka ukione ni hiki. Hakuna aliyeshuhudia mauaji, na ushahidi ulikuwa wa mazingira. Jambo moja lililobishaniwa sana mahakamani lilikuwa rekodi ya simu iliyopigwa siku ileile kwenda duka la silaha New Jersey. Karatasi ya kampuni ya simu! Kumbe karatasi inatisha kuliko kisu ukiiandika vizuri. Muamala wa MamaKauthar na fomu ya Wakili ndiyo karatasi zako.

DadaWaNyali

Hamjambo kutoka Mombasa. Huku kwetu tunasema mpango wa kando, na mwaka 2013 palikuwa na tangazo la kondomu kwenye runinga lililoonyesha mke mwenye mpango wa kando, viongozi wa dini wakalalamika likaondolewa. Nasema hivyo ili ujiandae: mkipigiwa kelele, mtapigiwa kwa sababu ya Salome, si kwa sababu ya Deo. Usikubali kumtoa kafara.

NilikuwaDawati

Nimefanya kazi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla ya kustaafu, nimesoma uzi wote. Mleta mada ameuliza kama watu wataamini hatari ikitoka kwa Deo. Mimi naona ajabu swali hili kuulizwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Novemba 2024 inasema mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao. Afrika ndiyo iliyoongoza, 21,700. Hao hawakuuawa na mchepuko aliyejificha kabatini.

Hatari inapanda pale mwanamke anaposema naondoka, au anaposema nitasema. Andika hivyo. Deo asianze na kipigo. Aanze kwa upole: anafika saluni na matunda, anamwambia Salome anaomba ile karatasi yake. Kesho anakaa nje kwenye gari. Keshokutwa anamtumia picha zao za faragha na kumwambia zitafika kwa mama yake Moshi. Hapo tayari ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumsumbua, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Halafu anamkaba shingo. Mara moja, sekunde chache, anamwachia na kumwomba msamaha. Tafadhali usiipitishe haraka hiyo. Mwanaume aliyemkaba mwanamke shingo ni wa kuogopwa kuliko anayepiga makofi, na alama mara nyingi hazionekani. Salome anakwenda kituoni, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, anakwenda hospitali amefunga kitenge shingoni. Na mwonyeshe askari mmoja anayemwambia yakamalizwe nyumbani, kisha mwonyeshe mwingine wa dawati anayemwita chumbani, anafunga mlango na kuandika. Wote wawili wapo, nimefanya nao kazi.

MzawaWaIlala

Naondoa kauli yangu ya mwanzo kuhusu Salome. Ila dada zangu bado wanahitaji mtu wa kulipa. Basi alipe Deo, na alipe mbele ya macho yetu, isiwe maandishi mawili mwishoni kwamba alifungwa.

MharirFilamu

Nahariri vipindi vya televisheni, kwa hiyo nitasema machache ya ufundi. Wamarekani huzigawa filamu hizi mara nyingi sehemu saba, na kila sehemu inakatika kwenye tangazo ikiwa na swali. Zako zimeshajitokeza humu: jina kanisani, jina kwenye simu, saini ya kughushi, gari nje ya saluni, shingo. Usizipange kwa mfululizo wa Deo. Zipange kwa macho ya Rehema na Salome kwa zamu, na usiwakutanishe kabla ya nusu. Wakikutana, prodyuza atategemea wavutane nywele. Rehema amkute Salome akiwa na ile karatasi mkononi na amuulize tu: "Hii saini, nani kaniwekea?"

Jambo lingine, pelekeni muswada Bodi ya Filamu mapema. Tukio la picha za faragha lionyeshwe kwa uso wa Salome akiziangalia, picha zenyewe zisionekane. Litapita, na litauma zaidi.

KalamuYaTemeke

Wakuu, sina la kuwalipa. Nimeongea na prodyuza jioni hii. Kaguna kwenye suala la lori, lakini nilipomsimulia misa alinyamaza, akaniambia niiandike leo leo. Nimemwambia masharti yangu: Salome anaishi, na Deo anakamatwa kazini, mezani kwake, mbele ya mteja anayesubiri mkopo. Amekubali la pili, la kwanza ameniambia nimuonyeshe kwanza kwenye karatasi. Nitapigania hilo.

@MamaKauthar swali moja dogo kabla sijaanza: Rehema akijifanya anatuma pesa, jina linatokea kabla hajathibitisha, au ni baada? Maana kama ni baada, Salome atapata ujumbe na atajua.

MamaKauthar

Kabla, mwanangu. Ila akitetemeka akathibitisha, ile elfu moja itafika, na Salome ataona jina la Rehema kwenye simu yake.