Binti wa miaka minne anajisemesha akicheza, nimkataze?

Mama Zuhura: Habari zenu jamani. Binti yangu akikaa barazani na vifuu vyake anajipikilisha, anaongea peke yake mwanzo mwisho: "Tia maji. Sio yote wewe! Ngoja ichemke. Moto huo, usiguse." Wala hamsemeshi mtu. Wifi yangu anataka akaombewe. Nimkataze?

Mwalimu wa Chekechea, Tanga: Mwache, Mama Zuhura. Kwanza nikuulize, "sio yote wewe" ni nani hapo nyumbani? Maana mimi darasani nasikia ya nyumba za watu kutwa nzima, mengine hata hayaandikiki.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona mtoto anajisemesha kwa kuwa bado hajajua kuzungumza na wenzake, akikua yanaisha. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi, akabisha. Watoto wakitaka kuchora, yeye aliwavurugia makusudi: karatasi haipo, au penseli ya rangi haionekani. Kujisemesha kukapanda karibu mara mbili. Kumbe mtoto huongea zaidi pale anapokwama, anajitafutia njia. Aliyaandika katika kitabu kilichotoka 1934, mwaka uleule aliofariki.

Binti yako alikuwa anaambiwa na mkubwa "usiguse". Sasa anajiambia mwenyewe, na mkono unatii. Baadaye ataambiwa na kichwa chake, kimya.

Nikitaka kujua mtoto kakwama wapi kwenye hesabu, simuulizi, nasogea nimsikilize. Anayetumwa sana dukani huwezi kumkosa, hata akitoa namba tupu ananong'ona kwa chenji: "Mia tano, unga mia tatu, narudishiwa mia mbili." Mwenzake wa pembeni anahesabu vidole. Jibu moja, njia mbili, kila mmoja na alikolelewa. Ndiyo maana kelele za "fanyeni kimya kimya!" kwa watoto wa umri huo mimi sizipendi.

Baba Hamadi: Wangu ana miaka saba, sauti haitoki, midomo tu inacheza akisoma. Ni hayohayo?

Mwalimu wa Chekechea, Tanga: Hayohayo, yanaingia ndani. Akipewa swali gumu utayasikia yanatoka tena.

Mama Zuhura: "Sio yote wewe" ni mama mkwe mtupu, hadi kuvuta kule! Wifi nimemsomea, kanuna.

Mwalimu wa Chekechea, Tanga: Mwambie akae barazani asikilize vizuri. Huenda na yeye yumo.