Mawazo wakati wa ujauzito yanaweza kumwathiri mtoto njiti? Naombeni ushauri

mama_uyole:
Habari zenu wapendwa. Niko Uyole, Mbeya. Nilijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 31. Sasa ana miezi minne, tuko nyumbani. Ujauzito ule niliubeba kwa mawazo mengi: baba alifariki, halafu mwenye nyumba akatutaka tuhame. Juzi wifi ananiambia mawazo yangu ndiyo yaliyomtoa mtoto mapema na yameshamharibu ubongo. Tangu hapo akishtuka tu usingizini, roho inanitoka. Hata kutabasamu bado. Kuna ukweli? Nifanye nini?

muuguzi_njombe:
Pole kwa msiba dada, na hongera kwa mtoto. Niko wodi ya watoto wachanga. Wifi kasikia jambo lenye chembe ya ukweli, ila kalikuza mno. Mwaka 2019 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti wa picha za ubongo za watoto njiti 251. Kwa wale ambao mama zao walipitia misukosuko mikubwa zaidi, kama kufiwa, kuachana, hata kuhama nyumba, ilionekana tofauti kwenye njia moja ya neva inayounganisha sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Tofauti, sijasema uharibifu. Picha hizo hazitabiri mtoto wako atakuwaje.

Na uchungu kuanza mapema kuna sababu nyingi: presha, maambukizi, mapacha, chupa kupasuka kabla ya wakati. Mara nyingi sababu haipatikani kabisa. Usibebeshwe mzigo huo.

Kuhusu kutabasamu: mimba kamili ni wiki 40, yeye aliwahi wiki 9, kwa hiyo zitoe kwenye umri wake. Mpime kama mtoto wa miezi miwili, na wengi ndiyo kwanza wanaanza kutabasamu umri huo. Kliniki wakikupa tarehe usiruke, na uwakumbushe kila mara kwamba ni njiti.

baba_wa_tukuyu:
Shemeji ambebe mtoto kifuani! Wetu alizaliwa Juni, na baridi ya huku mnaijua. Nilikuwa navua shati, mtoto na nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa pembeni apumue vizuri, kisha tunafunga kitenge kwa nguvu. Aliyekuwa anahangaika anatulia. Wenu amekua kidogo, lakini akikubali mbebeni tu. Ila jiko la mkaa msiingize chumbani, nawaomba sana. Ile hewa inaua watu wazima, sembuse kichanga.

bibi_mufindi:
Mwanangu, wote wamemwangalia mtoto, mimi nakuuliza wewe. Umemlilia baba yako? Ulizika ukiwa na tumbo, ukahama, ukajifungua, ukakaa wodini. Kama mtoto analala wewe hulali, au chakula hakipiti, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo ya kliniki. Hayo yana matibabu. Na mumeo ndiye aongee na dada yake, si wewe.

mama_uyole:
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Bibi, kulala kweli silali, nitasema Jumanne kliniki. Mume wangu amesoma hapa, anasema jioni atampigia dada yake. @muuguzi_njombe, akiwa kifuani ninyonyeshe hapo hapo au nimtoe kwanza?

muuguzi_njombe:
Hapo hapo dada, legeza kitenge kidogo umsogeze kwenye ziwa. Na umnyonyeshe usiku pia.